Kutoa sumu ya asili kwenye maharage, fiwi na soya: mwongozo kamili kwa jiko la nyumbani na banda la kuku

Nimeamua kuandika hii kwa urefu kwa sababu swali ninaloulizwa ni lilelile kila wiki. Maharage yametapisha nyumba nzima. Uji wa lishe unamharisha mtoto. Vifaranga wana wiki nne na bado wako kama wa wiki mbili, na mwenye nao anaapa anawapa soya safi kabisa. Ukimuuliza alipikaje, unakuta jibu ni moja kati ya haya matatu: maji ya kuloweka hakumwaga, moto ulikuwa mdogo, au soya ilisagwa mbichi.

Mi niko Masasi, nafuga kuku na nasagisha unga wa lishe, lakini nimekulia Newala kule juu ambako maji ni ya kununua. Kwa hiyo naelewa vizuri kabisa kwa nini mtu anasita kumwaga maji ya maharage na kwa nini anapunguza mkaa. Sikuambii hizo gharama ni ndogo, nakwambia wapi ubane na wapi usibane kabisa.

Na tuelewane jambo moja, sumu ninayoongelea hapa ni ya mmea wenyewe. Mbegu inajitengenezea kinga ili wadudu na wanyama wasiimalize, na hiyo kinga ikiingia tumboni kwako inakuumiza na wewe. Mazao yetu mengi yana kidogo: mbaazi, kunde, choroko na njugu mawe, ukizichemsha mpaka zikaiva vizuri umemaliza kazi. Wakorofi ni maharage (hasa yale mekundu makubwa), fiwi kavu, soya na upupu.

## Andaa hivi kwanza

Natumia kipimo cha kilo 1, we ukiwa na nyingi zidisha tu.

- Maji lita 3 ya kulowekea, lita 3 au 4 ya kupikia, na kidogo ya kusuuza
- Beseni au ndoo kubwa, maana maharage yakinywa maji yanavimba karibu mara mbili
- Sufuria yenye nafasi, isijae mpaka juu
- Mkaa wa kutosha au kuni kavu za kueleweka, sio vijiti vya kuokoteza katikati ya kupika
- Simu kwa ajili ya saa. Usikadirie kwa macho
- Ungo na chujio
- Kwa soya: kikaango kizito na mkeka au turubai safi la kuanikia
- Kwa wafugaji: chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana na kijiko kidogo cha mbolea ya urea kutoka duka la pembejeo, matumizi yake ntaeleza huko mbele

## Hatua ya 1: Chambua kwenye ungo, mchana, penye mwanga

Toa mawe, toa zilizooza, toa zenye ukungu. Ukungu ni habari nyingine, ule una sumu yake ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na walikuwa wanakula chakula kilichopikwa vizuri tu. Karanga yenye ukungu usiseme ntaikaanga sana, tupa.

Angalia pia mbegu zilizopakwa dawa ya shambani, zile za pinki au kijani. Kuna mtu msimu wa kupanda ukiisha anabakiwa na nusu kilo ya mbegu anaiosha anapika. Dawa ile haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

## Hatua ya 2: Loweka masaa 8 hadi 12

Mimina maji lita 3 kwa kilo 1, funika, acha. Ukiloweka baada ya chakula cha usiku asubuhi unakuta tayari. Ukiwa na haraka sana usishuke chini ya masaa 5.

Sababu ni mbili. Kwanza sehemu ya sumu inatoka kwenye mbegu inaingia kwenye maji. Pili, na hii watu hawaijui, harage kavu linaiva nje ndani bado, maji yakishaingia mpaka katikati moto nao unafika mpaka katikati. Ukipika kavu unaweza kukuta ngozi imepasuka na kiini bado kigumu.

Joto letu la pwani ni kali. Kama unaloweka mchana Lindi mjini au Mikindani mwezi wa kumi na mbili, badilisha maji katikati, vinginevyo unakuta yana povu na harufu ya kuchacha.

Magadi: wengi wanatia wakati wa kuloweka ili yalainike haraka. Yanalainika kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B1 na yanakudanganya, unaona laini unaepua mapema. Ukilazimika tia kidogo sana wakati wa kupika, na dakika za moto nitakazosema ziko palepale.

Umefanikiwa ukiona hivi: ngozi imenyooka haina makunyanzi. Chukua moja ulikate katikati kwa kisu, rangi ya ndani iwe moja. Ukiona katikati pana kidoa cheupe kikavu kama chokaa, rudisha kwenye maji masaa mawili mengine.

## Hatua ya 3: Mwaga yale maji

Hapa ndo watu wanashindwa, na ndo naomba unisikilize kwa makini.

Najua ndoo ya lita 20 inavyouma Newala na Tandahimba ikifika mwezi wa tisa. Sasa tupige hesabu. Ulitia lita 3, maharage kilo 1 yamekunywa karibu lita 1, unachomwaga ni kama lita 2. Katika ndoo nzima ya lita 20 hiyo ni sehemu moja ya kumi. Na hayaendi bure, bibi yangu alikuwa na mpapai nyuma ya jiko, ule mpapai haujawahi kunyweshwa maji safi hata siku moja, ulikuwa unakunywa maji ya maharage na ya kusuuzia vyombo na ulizaa mpaka tunagawa kwa majirani. Asubuhi alikuwa anainamisha lile beseni taratibu, mkono mmoja umezuia maharage yasitoke, maji yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi, halafu anasuuza na kikombe kimoja tu, anamwaga tena. Hakuwa anajua jina la sumu yoyote. Ila kumwaga ilikuwa haijadiliwi.

Wapi inakuwa hatari ukiacha? Ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Nampula huko Msumbiji, mwaka 1989, watu zaidi ya 200 waliugua ghafla wakawa kama wamechanganyikiwa akili. Walikuwa wamekula mbegu za upupu. Kwa kawaida upupu unachemshwa na maji yanamwagwa, tena zaidi ya mara moja, na watu walikuwa wanaujua huo utaratibu. Ila mwaka ule kulikuwa na ukame, maji hakuna, ile hatua ya kumwaga ikarukwa. Chakula kilekile walichokizoea kikawaangusha. Kila nikisikia mtu wa kwetu anasema "maji yenyewe ya kununua, nimepikia yaleyale" nawakumbuka wale watu.

Tahadhari: maji hayo usimpe kuku, mbuzi wala nguruwe. Mwagia miche, choo, au uani kutuliza vumbi.

## Hatua ya 4: Tokotesha dakika 30, maji yakiruka

Maharage yana kitu kinaitwa lektini. Kinashika kuta za utumbo na kinakutapisha kweli kweli. Punje 4 au 5 tu mbichi zinatosha kumuangusha mtu mzima. Maharage mekundu makubwa ndo yanaongoza, meupe yana kama theluthi tu ya mekundu.

Lektini inakufa kwenye maji yanayochemka, dakika 10 za kutokota kweli zinaimaliza, sisi tunaweka 30 ili tuwe na uhakika mpaka kwenye kiini. Lakini sikia hii: ukipika kwa joto la chini, kwenye nyuzi 80 hivi, haifi. Maharage yaliyopikwa polepole kwa joto hilo yanaweza kuwa na sumu mara tano zaidi ya mabichi. Yaani yule aliyepika masaa sita kwa moto wa kuchungulia amejitengenezea balaa kubwa kuliko aliyetafuna mabichi.

Niliona hili kwa macho yangu kwenye msiba mmoja kijijini, mwaka ambao mvua zilikuwa nyingi. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Sufuria lile kubwa la shughuli lilikaa kwenye mafiga toka alfajiri, na mi nilikuwa mmoja wa wanaochota maji. Kila mtu akipita anasema yameshalainika. Kweli yalikuwa laini, ukibonyeza yanabonyea, ila juu ya sufuria palikuwa pametulia, mvuke tu, maji hayakuwa yanaruka. Tukala saa saba. Saa tisa watu wameshika matumbo nyuma ya nyumba, akina mama, watoto, mzee mmoja hawezi kusimama. Mpaka usiku maneno yalikuwa yameshaanza kwamba kuna mtu ametia kitu kwenye chakula, na kuna mama wa watu alinyooshewa kidole kwa ule msiba mpaka leo. Sababu ilikuwa kuni mbichi.

Kwa hiyo:

1. Tia maji mapya, weka moto mkali toka mwanzo.
2. Subiri mpaka uone mapovu makubwa yanapasuka juu na maharage yanazunguka yenyewe ndani. Hapo ndo uanze kuhesabu, sio pale ulipobandika.
3. Dakika 30 bila moto kushuka. Ukiongeza maji ya baridi katikati, yakitulia saa imesimama, anza kuhesabu tena yakirudi kuruka.
4. Baada ya hapo ndo upunguze moto, yaendelee taratibu mpaka yaive.

Usionje kabla ya zile dakika 30. Wapishi wengi tunaonja tuone kama yamefika, punje mbili sasa hivi, punje tatu baadae, tayari umefikisha idadi.

Kuhusu chupa ya chai. Kuna huu mtindo umeenea wa kumimina maharage na maji ya moto kwenye chupa ya chai usiku ili kuokoa mkaa, asubuhi yamelainika unaunga. Ukifanya hivyo bila kutokotesha kwanza umeyaweka kwenye lile joto baya kabisa, chini ya kuchemka, usiku kucha. Sikukatazi kuokoa mkaa. Badili mpangilio tu: loweka, mwaga, tokotesha dakika 30, halafu mimina kwenye chupa au zungushia sufuria blanketi ndani ya kikapu, yatamalizikia humo na mkaa umeokoa zaidi ya nusu. Presha kuka nayo haina shida, joto lake linapita la maji ya kawaida.

Umefanikiwa ukiona hivi: harage linapondeka kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia jino, ndani hakuna unga mkavu, na saa yako inasoma dakika 30 za kuruka. Vyote vitatu kwa pamoja. Ulaini peke yake haunitoshi na usikutoshe.

## Fiwi: ongeza hatua mbili

Fiwi kavu, wengine wanaita ngwara, ina sumu nyingine juu ya hiyo lektini. Ni ya ukoo wa ile ya mihogo michungu, inayotoa sayanaidi mbegu ikipondwa au ikitafunwa. Zenye rangi nyeusi na kahawia ndo za kuogopa zaidi, na ukionja maji yake yana uchungu.

Fuata hatua 1 mpaka 3 kama kawaida, halafu:

Chemsha mara ya kwanza dakika 15 sufuria ikiwa wazi, bila mfuniko. Sayanaidi ni nyepesi, inapaa na mvuke, ukifunika unairudisha ndani. Pika nje au dirisha likiwa wazi, usiinamie sufuria.

Mwaga hayo maji yote. Tia mapya ya moto, tokotesha dakika 30 kama maharage, bado bila mfuniko. Ukionja supu yake baada ya hapo ikiwa bado chungu, mwaga tena na urudie. Bibi zetu waliotuambia fiwi inapikwa maji mawili hawakukosea.

Fiwi changa za kijani na maganda yake, zile za mboga, hazina ukali huo ila nazo zipikwe, usitafune mbichi shambani.

## Soya ya unga wa lishe

Hapa nina maumivu yangu. Miaka kadhaa nyuma dada yangu alinunua unga wa lishe umefungwa vizuri, una soya, karanga, mchele na mahindi. Mtoto alikuwa na miezi minane. Wiki mbili anaharisha, tumbo limejaa gesi, uzito unashuka badala ya kupanda, na kila anavyoshuka ndo mama yake anaongeza uji akijua anamsaidia. Nilipouchukua ule unga nikaunusa kwa karibu ulikuwa na harufu ya majani mabichi, kama ganda la mbaazi ukilivunja. Soya ilisagwa mbichi.

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vinafunga ile kazi ya tumbo ya kuvunja protini. Soya ina protini karibu 36 hadi 40 kwa 100, ndo maana tunaitafuta, lakini ikiwa mbichi mtoto anakula protini na haimfai. Na uji wa kuchemka dakika tano hauokoi kitu, usitegemee huo.

Fanya hivi:

1. Chambua, osha. Chemsha maji kwanza, lita 4 kwa kilo 1, yaruke kabisa.
2. Mimina soya ndani ya maji yanayoruka. Sio kwenye ya baridi. Ukiianzishia kwenye baridi ile harufu ya majani inatengenezwa wakati maji yanapata joto, na ikishakuja haitoki.
3. Dakika 30 za kutokota. Angalia isifurike, soya ina povu jingi sana, usijaze sufuria.
4. Mwaga maji, tia ya baridi, sugua kati ya viganja maganda yatoke yaelee, yamwage.
5. Anika juani kwenye mkeka safi, tandaza nyembamba. Jua letu la mwezi wa saba siku mbili zinatosha, masika usijaribu kwa kiasi kikubwa itapata ukungu.
6. Kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza bila kupumzika mpaka iwe rangi ya dhahabu. Saga.

Wengi wanaruka 1 mpaka 5 wanakaanga tu mbichi. Matokeo yake nje imeungua ndani mbichi. Na ukiiunguza mpaka ikawa nyeusi protini nayo imeharibika, umepoteza pande zote.

Umefanikiwa ukiona hivi: ukiuma inakatika "ta!" kama karanga, harufu ni ya karanga, ladha haina uchungu wa majani. Ukisaga, unga ni wa njano iliyokolea kidogo. Kama unanunua ulioshasagwa, nusa kabla hujalipa.

## Chakula cha kuku: pima kwa urea

Vifaranga wakila soya mbichi hawafi, na hapo ndo shida, wanabaki tu wadogo, kinyesi majimaji, chakula wanakula kingi na wewe unalaumu mbegu ya vifaranga. Ukichinja mmoja unakuta kongosho limevimba kwa sababu linafanya kazi mara mbili. Pika soya kama nilivyoeleza hapo juu, maganda unaweza kuyaacha.

Kama umenunua soya ya kuku imeshasagwa na hujui ilipikwa au la, kuna kipimo cha nyumbani. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, na kikipikwa kinakufa pamoja na ile sumu. Tia vijiko viwili vya soya kwenye chupa ya kioo, kijiko kidogo cha urea, maji ya kulowesha tu, tikisa, funga. Subiri dakika 20. Fungua, pitisha mkono kuleta harufu puani, usibandike pua. Ikija ile harufu kali ya mkojo uliolala, soya yako ni mbichi, irudishe jikoni. Kama hakuna harufu au ni kwa mbali sana, joto lilifika.

Mwaga mchanganyiko huo shimoni, fukia. Urea ni sumu kwa mifugo, ifungie mbali na banda. Na ukiwa na ng'ombe, usichanganye soya mbichi na urea kwenye chakula kimoja, amonia itamtokea tumboni.

Mengine ya banda kwa haraka. Chenga za maharage usiwarushie mbichi, zipike. Mbaazi zikikosa bei, kama 2017 India ilipobana kuingiza na kila mtu akabaki na magunia ndani, wape, ila zichemshe au zikaange kwanza. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili inaitwa gosipoli, kuku wa mayai usimpe, kiini kinabadilika rangi. Majani ya mti wa lusina yaliyokauka yasipite 5 kwa 100 ya chakula cha kuku.

## Mbuzi na ng'ombe

Lusina ni majani mazuri ila yana sumu inaitwa mimosini, isizidi theluthi ya anachokula kwa siku. Ukiona mbuzi ananyonyoka manyoya au shingo inavimba, punguza mara moja, mpe nyasi nyingine.

Machipukizi ya mtama baada ya kuvuna, yale ya kijani yanayokuja na mvua za kwanza, yana sayanaidi na yanaua ndani ya dakika chache. Mfugo unahema kwa shida, unatetemeka, unaanguka, fizi zimekuwa nyekundu kali. Usifungulie shamba mpaka yapite goti vizuri, au yakate yakauke kabisa ndo uwape. Ikishatokea piga simu kwa afisa mifugo hapohapo.

Maganda ya muhogo mchungu yana sumu kuliko nyama yake. Katakata madogo, anika mpaka yakauke yavunjike.

Na kwa kuwa nimeugusa muhogo: unga wa makopa ya muhogo mchungu unaotiliwa shaka, usiende nao moja kwa moja kwenye ugali. Loweshea maji, tandaza kwenye sinia unene usiopita sentimita 1, acha masaa mawili juani au matano kivulini, ndo usonge. Konzo ule ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla ulijitokeza tena mkoani kwetu Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, unashika zaidi watoto na wanawake, na miguu hairudi.

Upupu usijaribu nyumbani, si kwa kula wala kwa kuku. Sumu iliyomo, inaitwa levodopa, haifi kwa moto kama lektini, inatakiwa itolewe kwa maji mengi ya kumwaga mara kwa mara, na sisi maji ndo hatuna. Upande shambani urutubishe ardhi, basi.

## Mtu akishaumwa

Angalia saa. Maharage yanaanza ndani ya saa 1 mpaka 3: kichefuchefu, kutapika sana, halafu kuharisha. Wengi wanatulia baada ya masaa machache. Mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, usimpe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu, usimlazimishe kutapika. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee usisubiri, peleka zahanati. Yeyote akitapika damu au akikosa mkojo, vilevile.

Ikiwa ni fiwi au muhogo na mtu ana kizunguzungu, kichwa kinauma, anahema haraka, amelegea au anatupa mikono, hiyo ni sayanaidi. Hakuna dawa ya nyumbani. Tafuta bodaboda au gari muda huohuo, na mtu mmoja aje na sufuria yenyewe na chakula kilichobaki ndani, ili daktari aone mlikula nini na kilipikwaje.

Chakula kilichobaki kingine kifukie. Usikirudishe motoni kukiivisha upya ili kisipotee, na usiwape kuku.